Maneno ya Kujifichia



Waalimu wengi wamekwisha kuandika katika kurasa kama hizi juu ya ulevi, juu ya mahari kubwa, na juu ya wazazi wasiopeleka watoto shule. Leo twataka kusema juu ya kosa lisilonuka kama pombe, wala halimfikishi mtu mbele ya baraza. Kosa hili hukaa vinywani mwa watu wema, na hasa vinywani mwetu sisi Wakristo tunaoyajua Maandiko. Ni kosa la kuyatwaa maneno yaliyo haki ya mambo tusiyoyaweza, tukayavika mambo tunayoyaweza, kisha tukalala usingizi.

Twajua kwamba neno hili litawachoma wengine. Limetuchoma sisi kwanza, kama mtakavyosoma.

Mwishoni mwa masika tulimzika kijana mmoja wa kijiji chetu, huku kwenye miteremko ya Meru upande wa kusini, kati ya migomba ya baba yake. Umri wake ulikuwa miaka 22. Sisi ndio tuliomfundisha kusoma. Kazi yake ilikuwa kuendesha pikipiki ya kuchukua abiria, yaani bodaboda, kutoka njia panda ya barabara kuu ya Arusha na Moshi mpaka huku juu vijijini. Pikipiki haikuwa yake. Ilikuwa mali ya mzee mmoja anayeheshimiwa kanisani, ambaye kila jioni alipokea hesabu yake. Tairi la nyuma lilikuwa kipara kwa muda wa majuma mengi. Kijana aliomba tairi jipya, naye alijibiwa kila Jumamosi, "Kesho tutanunua, Mungu akipenda." Siku moja mvua ikanyesha, udongo ukawa kama sabuni, tairi likateleza penye mteremko, naye akaangukia mbele ya lori.

Mazikoni kila mtu alisema neno moja: ajali. Wazee walisema, "Ajali haina kinga." Mwenye pikipiki mwenyewe alisema hivyo hivyo, naye alilia machozi ya kweli. Hatusemi kwamba alilia uongo. Lakini neno lile lilipita kinywa kwa kinywa chini ya turubai, na kila lilipopita lilimpangusa mtu mikono, hata mwisho mikono yetu yote ikawa safi.

Alikuwako kijana mwingine, rika la marehemu, aliyekaa naye dawati moja shuleni. Huyu sasa anasoma katika chuo kimoja mjini Arusha. Baada ya maziko alikuja akaketi karibu nasi, akatoa daftari dogo mfukoni. Ndani yake alikuwa ameandika maneno aliyoyasikia tangu siku ya msiba. Hakuandika hotuba wala mahubiri, illa maneno madogo tu ya kila siku: nakuja, bado, labda, kesho, ajali, Mungu akipenda. Kando ya kila neno aliandika jambo lililofuata baada ya kusemwa.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. "Naomba unisahihishe kama zamani. Nimeyatazama maneno haya siku tatu, naona kila moja lina mlango wa kutokea."

Mzee mmoja alimsikia, akamkemea: "Kijana, huko chuoni wamekufundisha kuja kumhukumu Mungu matangani?"

Kijana akainamisha kichwa, akajibu kwa adabu, "Hapana, babu. Nauliza tu, tairi ni bei gani?"

Watu wakanyamaza. Maana hapana mtu asiyejua kwamba bei ya tairi la pikipiki haifiki hata robo ya bei ya ng'ombe aliyechinjwa siku ile kuwalisha waombolezaji. Ng'ombe alipatikana kwa siku moja. Tairi lilikosekana majuma mengi.

Wengine walikasirika. Sisi tuliona haya, na sababu yake ni hii. Siku chache kabla ya msiba tulipanda pikipiki ile ile kurudi nyumbani kutoka soko la Tengeru. Tuliliona tairi. Tulisema, "Hili tairi, mwanangu!" Naye akajibu, "Bado kidogo, mwalimu, mzee amesema kesho." Nasi tulipanda, tukashuka, tukalipa, tukasema moyoni kwamba labda tutaonana na mwenyewe kanisani Jumapili. Jumapili tulionana naye. Tulisalimiana, tukaulizana habari za mvua na kahawa, basi.

Kwa hiyo tuliichukua daftari ya kijana tukaisahihisha, kama alivyotaka. Mahali pengine tulimpa haki, na mahali pengine tulimkatalia. Hayo ndiyo tunayotaka kuwaambia.

Kwanza, neno nakuja. Mtu amekwisha kusimama, ameshika ufunguo, anakwenda zake, naye asema, "Nakuja." Kijana aliliita neno hili uongo. Hapo tulimkatalia. Ni adabu tu ya kuondoka, ya mtu asiyetaka kukata mazungumzo kama anayekata kamba. Kila mwenye akili anajua maana yake, wala hapana anayekufa kwa sababu yake.

Neno bado nalo tulilitetea, tena kwa nguvu. Mwulize mwanamke ambaye hajapata mtoto, hatasema "Sina", atasema "Bado." Mwulize mzee kama amejenga nyumba ya bati, naye atasema "Bado," hata kama ana miaka sabini. Ni neno la watu wanaojua kwamba Mungu hajamaliza kazi yake. Walakini neno hilo hilo lina matumizi mengine. Fundi amepokea fedha ya kitanda tangu Pasaka, na sasa ni Krismasi, ukimwuliza, asema, "Bado kidogo." Hapo hapana tumaini lo lote. Kitanda hakimngojei Mungu, chamngojea fundi ashike randa.

Neno la tatu ni labda. Hili lina historia ya ajabu. Asili yake ni maneno mawili ya Kiarabu, yaani la budda, na maana yake huko ni kwamba hapana njia ya kuepuka, jambo ni la lazima kabisa. Watu wa pwani waliyapokea maneno hayo kwa njia mbili. Kwa njia moja walisema hapana budi, na maana ikabaki ile ile ya lazima. Kwa njia ya pili walisema labda, na maana ikageuka ikawa pengine. Basi neno moja limekuwa ndugu wawili: mmoja anasimama kama nguzo, mwingine anayumba kama mgomba penye upepo. Hatuwalaumu watu wa pwani, maana lugha zote hugeuka hivyo. Lakini tulipolisoma jambo hili tuliona sura yetu ndani yake. Mambo mangapi yaliingia kwetu yakiwa hapana budi, nasi tukayageuza kuwa labda? Hapana budi kulipa ada ya mtoto. Tukasema labda mwezi ujao. Hapana budi kumpeleka mama mja mzito hospitali mapema. Tukasema labda mambo yatakuwa shwari. Hapana budi kubadili tairi.

Neno la nne, kesho, twalipita upesi, maana kila mtu anajua dhambi zake. Twakumbusha jambo moja tu. Wajuao asili ya maneno husema kwamba kesho ni jamaa ya kukesha na ya kucha, yaani usiku kupita na jua kutoka. Basi anayesema kesho anataja kwanza usiku mzima ulio kati, ambao yeye hana mamlaka juu yake. Mzee akisema, "Kesho, kukicha," anajua anachosema. Mwenye deni akisema kesho, mara nyingi maana yake ni usinisumbue leo.

Sasa twafika penye neno zito, yaani ajali.

Neno hili pia limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni muda uliowekwa, hasa ile saa ya kufa ambayo mtu amewekewa na Mungu, isiyosogea mbele wala nyuma. Katika Kiswahili cha zamani lilikuwa na maana hiyo hiyo: mtu alipofikiwa na ajali yake, siku zake zilikuwa zimetimia. Siku hizi twaliita ajali kila tukio la barabarani. Magari mawili yakigongana ni ajali. Dereva akilala kwenye usukani ni ajali. Mlevi akimgonga mtoto ni ajali. Neno limebadili kazi, lakini halikuvua nguo yake ya zamani. Likitamkwa tu, harufu ya ile saa iliyoandikwa inakuja pamoja nalo, na watu wanashusha mabega. Ni nani atakayeuliza habari za breki, ikiwa saa ilikuwa imeandikwa?

Hapa mkoani Arusha hatuhitaji mtu wa kutuhubiri kwamba barabara inaua. Tarehe 24 Februari 2024, Ngaramtoni, katika barabara ya Arusha na Namanga, lori liliyagonga magari mengine, wakafa watu 25. Habari zilizotolewa zilisema kwamba breki zilishindwa. Sisi hatumhukumu mtu katika jambo hilo, maana si kazi yetu wala hatukuwapo. Twataka tu mlitazame neno. Husemwa kwamba breki zimeshindwa, kana kwamba breki ni mtu aliyejitahidi sana akachoka. Breki haina roho. Mwenye roho ni yule anayezikagua au asiyezikagua kabla ya safari, na kila gari lina mtu huyo.

Wako watakaotujibu kwa kitabu cha Ayubu, kwamba yatupasa kukubali yaliyotoka mkononi mwa Bwana, tukaliabudu jina lake. Nasi twasema, soma tena sura ile ya kwanza toka mwanzo. Kabla ya upepo ule mkuu kuiangusha nyumba juu ya watoto wake, Ayubu alikuwa na desturi gani? Aliamka asubuhi na mapema akatoa sadaka kwa ajili ya kila mmoja wao, kwa hofu kwamba labda wametenda dhambi mioyoni. Mtu huyu alifanya la wajibu wake kwa ajili ya jambo ambalo hakuwa na hakika nalo. Ndipo upepo ulipokuja, ambao hakuna mtu awezaye kuuzuia, alikuwa na haki ya kusema aliyoyasema. Sisi twataka kuyasema maneno ya Ayubu jioni, na asubuhi yake hatukuamka.

Soma tena Torati, maana Torati inayajua mambo haya kuliko mahakama nyingi. Katika Kutoka sura ya 21 imeandikwa habari za ng'ombe anayempiga mtu kwa pembe hata akafa. Ikiwa ng'ombe yule hakuwa na desturi hiyo, mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa alikuwa na desturi ya kupiga tangu zamani, na mwenyewe ameonywa, naye hakumfunga, hatia ni juu ya mwenyewe, tena ni hatia kubwa. Na katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22 kila ajengaye nyumba mpya anaamriwa kuweka ukingo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Angalieni jambo hili, ndugu. Mungu yule yule aliyehesabu siku za kila mtu ndiye aliyeagiza ukingo uwekwe darini. Hakusema kwamba saa imekwisha kuandikwa, basi ukingo wa nini?

Basi tulichora mstari katika daftari ya kijana, tukaandika hivi: ng'ombe asiyejulikana ni ajali, ng'ombe aliyejulikana si ajali. Tairi lile lilijulikana. Mwenyewe alionywa na marehemu kwa kinywa chake. Nasi tuliliona, kwa hiyo tulikuwa mashahidi tulionyamaza. Jambo hilo lina jina lake katika Kiswahili safi, nalo ni uzembe.

Sasa neno la mwisho: Mungu akipenda.

Hapo kijana alikuwa ameandika kwa kalamu nzito kwamba neno hili yafaa liachwe kabisa. Alituambia kwamba huko mjini, mtu akikuahidi kazi akaongeza "Mungu akipenda," wajua kwamba kazi hakuna. Fundi asema hivyo, mdeni asema hivyo, na mchumba anayetaka kukimbia asema hivyo. "Mwalimu," akasema, "ni afadhali mtu aseme ndiyo au hapana, amwache Mungu apumzike."

Tulimwelewa, lakini tulimkatalia. Mtu wa Meru hawezi kuacha neno lile, kwa kuwa anaishi mahali panapomfundisha kila siku. Mlima wetu unainuka meta 4,566, nao si kilima kilichokufa. Mwaka 1910 ulitoa majivu, na hakuna aliyeuomba ruhusa. Mkulima wa kahawa anatunza mche miaka mingi, kisha bei inaamuliwa na watu wasiojua Akeri iko wapi. Na hiyo Akeri yenyewe ina habari yake. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika pale kuanza kazi. Waliuawa kabla kazi haijaanza. Mtu aliyeona kambi yao asubuhi ile angesema kwamba Injili katika Meru imekwisha. Mwaka 1902 kazi ilianza tena Nkoaranga, nasi tunaosoma gazeti hili ni matunda yake. Ni nani kati yetu angeweza kuyapanga hayo? Asiyesema "Mungu akipenda" katika dunia ya namna hii ni mtoto, hata kama amesoma vyuo vyote.

Tena twakumbuka tarehe 6 Mei 2017, na hapana mzazi wa Arusha atakayeisahau. Siku ile basi la watoto wa Shule ya Lucky Vincent, waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa majaribio, lilitumbukia korongoni huko Rhotia, wilaya ya Karatu. Wanafunzi 32 walikufa, na waalimu 2, na dereva. Mbele ya majeneza yale hata mwalimu mwenye maneno mengi alikosa la kusema. Lakini kuna sehemu ya habari ile ambayo hatuitaji mara nyingi. Watoto watatu walitolewa wakiwa hai. Wasafiri kutoka Marekani walikuwa wakipita njia ile, wakasimama, wakasaidiana na wenyeji. Na baadaye watoto wale watatu walipelekwa mji wa Sioux City, katika jimbo la Iowa, wakatibiwa, wakarudi nyumbani mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Kupita pale saa ile wasafiri hawakukupanga. Hilo lilikuwa la Mungu. Kusimama kulikuwa kwao. Wangeweza kusema kwamba labda gari jingine litasimama, wala hakuna ambaye angewajua hata awalaumu.

Hapo ndipo tulipomwonyesha kijana njia ya katikati. Neno "Mungu akipenda" lina mahali pake, na mahali pake ni baada ya kazi, si badala ya kazi. Mwenye pikipiki angenunua tairi, akalifunga, akakaza nati, kisha akasema, "Nenda salama, mwanangu, Mungu akipenda tutaonana jioni," neno hilo lingekuwa sala. Aliposema, "Tutanunua tairi Mungu akipenda," fedha ikiwa mfukoni mwake, hakuwa anaomba. Alikuwa anamtwika Mungu deni lake.

Wengi hututajia Waraka wa Yakobo sura ya nne, ambapo tumefundishwa kutosema kwa majivuno kwamba kesho tutakwenda mji fulani kufanya biashara, bali tuseme kwamba Bwana akipenda tutaishi na kufanya hili au lile. Vema sana. Lakini wasomaji wengi huishia hapo wakafunga kitabu. Soma mstari wa mwisho wa sura hiyo hiyo. Mtume anasema kwamba mtu ajuaye kutenda mema asiyatende, kwake huyo ni dhambi. Mambo hayo mawili aliyaandika mahali pamoja, mstari karibu na mstari. Sisi tumeukata ukurasa vipande viwili, tukachukua kile kilicho laini.

Yuko mzee aliyetuuliza, "Mwalimu, wataka tuishi bila kukubali yaliyoandikwa? Wazee wetu walikubali." Twamjibu kwa heshima kwamba wazee wetu hawakukubali kila kitu. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwaondoa Wameru kwa nguvu katika Engare Nanyuki, ili nchi ile wapewe walowezi Wazungu. Nyumba zilichomwa moto. Kama kuna siku Wameru walikuwa na ruhusa ya kusema kwamba imekwisha kuandikwa, ni siku ile. Badala yake walifanya mikutano, wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Wakati ule nchi haikurudishwa. Walipochanga hawakujua kama watasikilizwa, wala hawakujua kama mtu wao atarudi salama kutoka ng'ambo. Waliposema "labda watatusikia," ile ndiyo labda ya kweli: mtu amekwisha kutoa alicho nacho, na lililobaki halimo mkononi mwake. Basi mjukuu wa watu hao asije akatuambia leo kwamba tairi la pikipiki limemshinda kwa sababu ya maandiko ya mbinguni.

Wengine watasema kwamba kuuliza maswali matangani ni ukatili, kwamba yafaa wafiwa waachwe walie. Nasi twakubali kwamba kila jambo lina wakati wake, na ulimi wa kijana yafaa ujue kungoja. Lakini twauliza, ngoja hii mwisho wake ni lini? Matanga yakianuliwa twasema, "Tusitoneshe kidonda." Mwaka ukipita twasema, "Yamepita hayo." Kidonda kinachoogopwa kutoneshwa ni cha nani, cha mama wa marehemu au chetu? Mama yule alituambia yeye mwenyewe, siku ya tatu, kwamba watu wote walimpa pole, wala hapana hata mmoja aliyemwambia, "Nilijua." Pole ni neno jema, tena zuri, nasi twashukuru kuwa nalo. Lakini alizipokea pole mia, akabaki anangoja neno moja lile.

Sisi tulimwambia. Tulikwenda jioni, tukaketi jikoni kwake, tukasema, "Mama, tairi tuliliona. Tulinyamaza. Utusamehe." Hakujibu upesi. Alisukuma kuni ndani ya moto, akatumiminia chai. Hatutasema kwamba alitusamehe siku ile, maana hakusema hivyo. Alisema tu, "Ahsante kwa kunijia, mwalimu."

Basi shauri letu kwenu, wasomaji, ni fupi. Yeyote aliye na chombo kinachochukua watu, kiwe pikipiki, daladala, au gari la shule, akikague kabla hajapokea hesabu. Mwenye kupanda akiona ubovu, asipande; na tena asinyamaze, amwendee mwenyewe siku ile ile. Ukiahidi jambo ulilo na uwezo nalo, sema ndiyo au hapana, kama Bwana wetu alivyotufundisha mlimani, na uitaje siku. Neno labda liweke kwa ajili ya mvua na bei ya kahawa. Na jina la Mungu liweke kwa ajili ya Mungu. Mtu akifa kwa uzembe, tusimzike mara mbili: mara moja katika udongo, mara ya pili katika neno ajali.

Kijana amerudi chuoni. Daftari yake alituachia, nayo iko mezani petu.

Juma lililopita tulipita njia panda. Pikipiki ile ile imekwisha kutengenezwa, na kijana mwingine, mwanafunzi wetu pia, yuko juu yake akingoja abiria. Tuliinama tukatazama. Tairi la nyuma ni jipya. La mbele limeanza kulika, na taa ya nyuma haiwaki. Tulimwuliza, naye akatujibu kwa tabasamu, "Mzee amesema kesho, mwalimu."

Hatukupanda. Tulikwenda kwa miguu mpaka kwa mwenyewe, jua likiwa bado liko juu. Tulibisha hodi, tukakaribishwa, tukaketi, tukasema. Maneno yalikuwa machungu pande zote mbili, nasi hatujui kama urafiki wetu utapona. Lakini taa inawaka tangu jana.

Wasalaam. Sisi mwalimu wenu, huku Meru.